Chati ya udhibiti: namna ya kujua kama mzigo wa muuzaji umebadilika kweli

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji kilichopokea mzigo wa chakula cha kuku wa mayai. Kila mfuko umeandikwa kilo 50. Mtu mmoja anachukua mfuko, anauweka kwenye mizani, na mizani inasoma kilo 49.3. Kelele zinaanza. Mmoja anasema tumeibiwa. Mwingine anasema mfuko mmoja si hoja. Wa tatu anataka muuzaji abadilishwe leo leo.

Hapa kuna makosa mawili yanayoweza kufanyika. La kwanza ni kumtuhumu muuzaji mwaminifu, mkagombana naye na kumpoteza kwa jambo ambalo ni la kawaida tu. La pili ni kunyamaza wakati mambo yameharibika kweli, mkaendelea kulipia kilo ambazo hampati. Mifuko ikipungua wastani wa kilo 0.6 tu kila mmoja, kwa mifuko 100 mmepoteza kilo 60. Huo ni zaidi ya mfuko mzima.

Viwanda vikubwa vimekuwa na swali hili hili kwa muda mrefu, maana navyo hununua vipuri, chupa, vifuniko na malighafi kutoka kwa wengine. Chombo wanachotumia kinaitwa chati ya udhibiti. Katika makala hii tunaeleza ilikotoka, inavyofanya kazi, na jinsi kikundi chenye daftari, kalamu, mizani na simu yenye kikokotoo kinavyoweza kuichora.

Ilianzia kwenye kiwanda cha simu

Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Western Electric ya Marekani ndiyo iliyokuwa ikitengeneza simu na mitambo yake kwa ajili ya kampuni za simu za Bell. Kiwanda chake kikubwa kiliitwa Hawthorne, kilikuwa Cicero, kando ya jiji la Chicago. Kwa maneno mengine, kiwanda hicho kilikuwa muuzaji, na kampuni za simu zilikuwa mteja wake.

Wakati huo ubora ulilindwa kwa kukagua bidhaa zikishakamilika. Nzuri zilipita, mbovu zilitupwa au kurudishwa kutengenezwa upya. Njia hiyo ilikuwa na gharama, na haikueleza kwa nini ubovu ulitokea.

Tarehe 16 Mei 1924, mtaalamu wa fizikia aliyefanya kazi Western Electric, Walter Shewhart, alimwandikia mkuu wake barua fupi yenye mchoro. Mchoro huo ndio chati ya kwanza ya udhibiti. Mwaka 1931 alitoa kitabu kilichoeleza njia hiyo kwa kirefu. Baadaye mwanatakwimu W. Edwards Deming, aliyejifunza kwa Shewhart, aliipeleka Japani. Mwaka 1950 alialikwa na Muungano wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani, akawafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Hivyo chati iliyoanzia kwenye simu ikaenea kwenye magari, redio, dawa na vyakula.

Kuyumba kwa aina mbili

Wazo la Shewhart ni jepesi kulielewa. Hakuna kazi inayorudiwa ikatoa matokeo yale yale kila mara. Mama anayepika ugali kila siku kwa sufuria ile ile hawezi kupata ugali wenye uzito ule ule siku zote. Fundi matofali akitumia kibao kimoja, matofali yake bado yatapishana kidogo. Mtu anayejaza mifuko ya chakula cha kuku naye ni hivyo hivyo.

Shewhart aligawa kuyumba huku katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza lina sababu za kawaida. Ni vitu vidogo vidogo vingi vilivyomo ndani ya kazi yenyewe: mkono wa mjazaji, unyevu wa pumba, mtikisiko wa mashine. Vipo kila siku, na hakuna kimoja unachoweza kukinyooshea kidole.

Fungu la pili lina sababu maalumu. Hapa kuna kitu kimeingia ambacho hakikuwepo: mizani imeharibika, ameajiriwa mjazaji mpya asiyefundishwa, malighafi imebadilishwa, au mtu ameanza kupunja.

Kazi ya chati ni kutenganisha mafungu haya mawili. Haikuambii nani mkosaji. Inakuambia wakati gani kuna sababu ya kwenda kutafuta, na wakati gani ukitafuta utapoteza muda wako.

Jinsi ya kuichora

Turudi kwa kikundi chetu cha mfano. Takwimu tunazotumia hapa ni za kufundishia tu.

Hatua ya kwanza: kila mzigo ukifika, chagueni mifuko 5 bila upendeleo. Msichukue yote ya juu ya gari, wala ile inayoonekana kulegea. Chukueni mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja katikati, na kadhalika.

Hatua ya pili: pimeni kila mfuko kwa mizani ile ile, kwa namna ile ile. Toeni uzito wa mfuko mtupu. Kwa walio Tanzania, hakikisheni mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani yenu ikiwa mbovu, chati itasema uongo na mtamlaumu mtu bure.

Hatua ya tatu: andikeni namba mbili kwa kila mzigo. Ya kwanza ni wastani, yaani jumla ya uzito wa mifuko 5 gawanya kwa 5. Ya pili ni upana, yaani mfuko mzito kuliko yote toa mwepesi kuliko yote.

Hatua ya nne: endeleeni hivyo mpaka mpate mizigo 20 au zaidi. Kisha tafuteni wastani wa zile wastani 20, na wastani wa zile pana 20. Tuseme kikundi chetu kimepata wastani mkuu wa kilo 50.2, na upana wa wastani wa kilo 0.8.

Hatua ya tano: tafuteni mipaka. Wataalamu wameshaandaa namba za kuzidishia, kulingana na idadi ya mifuko mnayopima. Kwa mifuko 5 namba ni 0.577. Kwa mifuko 4 ni 0.729, na kwa mifuko 3 ni 1.023. Zidisheni namba hiyo na upana wa wastani:

0.577 × 0.8 = 0.46

Mpaka wa juu: 50.2 + 0.46 = kilo 50.66
Mpaka wa chini: 50.2 − 0.46 = kilo 49.74

Upana nao una mpaka wake wa juu. Kwa mifuko 5, zidisheni upana wa wastani kwa 2.114. Hapa ni 2.114 × 0.8 = kilo 1.69.

Hatua ya sita: chukueni karatasi yenye mistari. Choreni mstari wa katikati penye 50.2, mstari wa juu penye 50.66 na wa chini penye 49.74. Kila mzigo mpya ukija, wekeni nukta ya wastani wake, mkienda kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yake choreni chati ya pili ya upana, yenye mstari wa katikati penye 0.8 na mpaka penye 1.69.

Hiyo ndiyo chati. Mipaka hii iko mbali na katikati kiasi kwamba, kazi ya muuzaji ikiwa haijabadilika, nukta ya wastani kutoka nje kwa bahati tu ni jambo la nadra, kama mara 3 katika mizigo 1,000. Kwa hiyo nukta ikitoka nje, ni haki kuuliza kulikoni.

Mizigo miwili, hukumu mbili

Sasa tazameni mizigo miwili.

Mzigo wa kwanza: 49.3, 50.6, 50.2, 50.3 na 50.1. Jumla ni 250.5, wastani ni 50.1, upana ni 1.3.

Mzigo wa pili: 49.7, 49.5, 49.8, 49.4 na 49.6. Jumla ni 248.0, wastani ni 49.6, upana ni 0.4.

Mzigo wa kwanza ndio wenye mfuko mwepesi kuliko yote, ule wa 49.3 uliozua kelele. Lakini chati imetulia. Wastani uko ndani ya mipaka, na upana wa 1.3 haujafika 1.69. Huku ni kuyumba kwa kawaida kwa muuzaji huyu.

Katika mzigo wa pili hakuna mfuko mwepesi kama ule. Mtu asiye na chati angesema mambo ni shwari, mifuko yote inafanana. Lakini wastani wa 49.6 uko chini ya mpaka wa 49.74. Mifuko yote imeshuka pamoja. Kuna kitu kimebadilika huko inakojazwa, na hapa ndipo pa kupiga simu.

Kelele zilipigwa kwenye mzigo usio na kosa, na kimya kingekuwa kwenye mzigo wenye kosa. Macho huvutwa na mfuko mmoja wa ajabu, ilhali hasara kubwa mara nyingi huja taratibu, kidogo kidogo kwa kila mfuko.

Ishara nyingine: nukta nane upande mmoja

Wakati mwingine nukta hazitoki nje ya mipaka, lakini zinajikusanya upande mmoja. Mwongozo uliotolewa na Western Electric mwaka 1956 uliweka kanuni ambayo bado inatumika: nukta nane mfululizo zikiwa upande mmoja wa mstari wa katikati, hesabuni kuwa ni ishara.

Sababu yake ni kama kurusha shilingi. Kupata kichwa mara mbili mfululizo ni kawaida. Kupata kichwa mara nane mfululizo hutokea mara 1 katika 256. Ikitokea, una haki ya kuitazama vizuri hiyo shilingi.

Nukta nane za upande wa juu nazo zina maana. Huenda muuzaji amerekebisha mashine, au ameamua kuongeza. Mulizeni, maana jambo jema nalo lina sababu, na sababu ikijulikana inaweza kudumishwa.

Mipaka ya chati si masharti ya mkataba

Hapa wengi hukosea, hata viwandani. Mipaka ya chati inatokana na kazi ya muuzaji mwenyewe ilivyo. Masharti ya mkataba yanatokana na mnachotaka ninyi. Ni vitu viwili tofauti, na mstari wa kilo 50 haufai kuchorwa kwenye chati ya wastani kama mpaka.

Muuzaji anaweza kuwa ametulia kabisa kwenye chati na bado asitoshe. Tazameni mfano wetu. Kwa upana wa wastani wa 0.8, mfuko mmoja mmoja unaweza kuwa popote kati ya kilo 49.2 na 51.2 bila jambo lolote jipya kutokea. Hesabu zinaonesha kwamba zaidi ya mfuko 1 kati ya 4 utakuwa chini ya kilo 50, ingawa wastani ni 50.2. Kama makubaliano yenu ni kwamba hakuna mfuko utakaopungua kilo 50, muuzaji huyu hawezi kuyatimiza kwa utaratibu alionao, hata akigombezwa kila wiki.

Ana njia mbili. Anaweza kupandisha wastani mpaka karibu kilo 51.1, na hapo anatoa zaidi ya kilo moja bure kwa kila mfuko. Au apunguze kuyumba: mizani bora, mjazaji aliyefundishwa, mashine iliyofungwa vizuri. Njia ya pili ndiyo yenye faida kwa pande zote.

Kampuni ya magari ya Ford ilijifunza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadhi ya giaboksi zake zilitengenezwa Marekani, nyingine na kampuni ya Mazda huko Japani, kwa michoro ile ile. Za Mazda zilileta malalamiko machache kutoka kwa wateja. Zilipofunguliwa na kupimwa, vipuri vya Marekani navyo vilikuwa ndani ya vipimo vilivyoagizwa. Tofauti ilikuwa kwamba vya Mazda vilifanana zaidi kimoja na kingine. Kuwa ndani ya vipimo hakukutosha. Katika miaka hiyo Ford ilianza kuwataka wanaoiuzia vipuri waoneshe kwa takwimu kwamba kazi yao imetulia.

Kuzungumza na muuzaji mkiwa na chati

Deming alikuwa akiwaonya wakuu wa viwanda wasichague muuzaji kwa bei peke yake, bali wajenge uhusiano wa muda mrefu na wauzaji wachache wanaoaminika. Chati husaidia katika hilo, kwa sababu inabadilisha mazungumzo.

Bila chati, mazungumzo ni haya: "Ninyi mnatupunja." "Si kweli." Hapo hakuna anayeshinda.

Mkiwa na chati, mnaweza kusema hivi: "Ndugu yetu, tumepima mizigo yako 23. Kwa mizigo 22 umekuwa katika kiwango chako cha kawaida. Mzigo wa juzi mifuko yote mitano imeshuka. Je, kuna kitu kilibadilika kwako wiki hiyo?" Muuzaji mwaminifu atakumbuka kwamba alibadilisha mizani, au kijana mpya alianza kazi. Asiye mwaminifu atajua kwamba mnapima na mnaandika.

Tarehe ni muhimu hapa. Andikeni tarehe chini ya kila nukta, pamoja na neno moja au mawili: mvua, dereva mpya, mfuko wa rangi nyingine. Maneno hayo ndiyo hufichua sababu baadaye.

Mkiwa ninyi ndio wauzaji

Wasikilizaji wetu wengi wako upande wa pili pia. Mnauza maziwa, mayai, mboga. Chati inaweza kuwalinda.

Tuseme kikundi kinapeleka mayai dukani, na katika kila mayai 100 yanayofika, wastani wa mayai 4 huwa yamepasuka. Hapa hampimi uzito bali mnahesabu mabaya, na hesabu ya mpaka ni tofauti kidogo. Mnazidisha 0.04 kwa 0.96, mnagawanya kwa 100, mnatafuta kipeuo cha pili, kisha mnazidisha kwa 3. Jibu ni kama 0.059, yaani karibu 6 katika 100. Mpaka wa juu ni 4 jumlisha 6, kidogo chini ya 10.

Maana yake ni kwamba siku moja mayai 7 yakipasuka na siku nyingine 2, dereva wa bodaboda hajabadilika. Kumkata malipo siku ya 7 na kumsifu siku ya 2 ni kumwonea na kumpendelea kwa bahati. Yakipasuka 10 au zaidi, hapo ulizeni. Na mkitaka wastani wenyewe ushuke kutoka 4, jibu liko kwenye trei, njia na namna ya kufunga, si kwenye kumfokea mtu.

Makosa ya kuepuka

Kurekebisha kila mara. Mjazaji akiona mfuko umepungua akaongeza mizani, akiona umezidi akapunguza, kila mfuko hivyo hivyo, mifuko itayumba zaidi kuliko kama angeiacha mizani. Deming aliwaonesha wanafunzi wake jambo hili kwa majaribio. Kisichoharibika kisiguswe.

Kuhesabu mipaka upya kila mzigo. Mkifanya hivyo, mipaka itamfuata muuzaji anaposhuka na hamtaona kitu. Mipaka ibaki mpaka pawe na badiliko linalojulikana na kukubaliwa.

Kuanza na mizigo michache na kuiamini sana. Mkiwa na mizigo 8 au 10 mnaweza kuchora mipaka ya muda, lakini ikokotoeni tena mkifikisha 20.

Kuchanganya wauzaji wawili kwenye chati moja. Kila muuzaji awe na karatasi yake.

Kudhani uzito ndio kila kitu. Mfuko wa kilo 50 kamili unaweza kuwa na chakula chenye ukungu au protini kidogo. Chati hujibu swali la kile mlichopima tu. Kuhusu ukungu na virutubisho, mwoneni ofisa mifugo wa eneo lenu.

Kwa ufupi

Pimeni mifuko 5 kila mzigo, bila upendeleo. Andikeni wastani na upana. Baada ya mizigo 20 choreni mipaka. Nukta ikitoka nje, au nukta nane zikikaa upande mmoja, tafuteni sababu pamoja na muuzaji. Nukta zikiwa ndani na zimetapakaa, tulieni. Na kama zimetulia lakini kiwango chenyewe hakiwatoshi, msitafute mkosaji wa siku hiyo. Kaeni na muuzaji muangalie jinsi kazi nzima inavyofanyika.